Kihamba cha Mama



Miaka 6 tulituma nyumbani pesa ya mbolea ya dukani, na mikungu ya ndizi ikazidi kuwa midogo. Tunaishi kwa kukagua vitabu vya watu, cha kwetu hatukukifungua! Tulipokifungua, hasara tupu. Mama alishatuambia.

Sasa ng'ombe 2 wako zizini, majani ya migomba wanakula wao, samadi inarudi migombani, na kahawa iko kivulini kama zamani. Dukani hatuendi tena.

Lakini samadi si maji. Mfongo umebomoka huko juu, zamu haitufikii sisi wala majirani wa chini. Familia yetu inatoa mifuko 20 ya saruji. Desemba tunakuja na majembe.