Siku zile kabla ya hedhi

Mwanamke akijiua, mtaani tunasema haraka: madeni, ndoa, uchawi. Siku zake za hedhi hakuna anayeziuliza.

Homoni mbili, estrojeni na projesteroni, hushuka siku chache kabla ya hedhi. Wengi huchoka tu, hununa. Wachache ubongo wao hauyahimili mabadiliko hayo: huzuni nzito, hasira, mawazo ya kufa, kisha damu ikishaanza wanarudi kuwa wale tunaowajua. Shirika la Afya Duniani liliutambua ugonjwa huu katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019. Si deko, na mapepo hayahusiki.

Hapa mtaani kwetu Musonoi, kando ya mgodi, baruti zinapasua kuta, vumbi linatua kwenye sahani, na mama anashinda ameinama majini akiosha mawe ya madini. Shida zote hizo zinamkuta katika siku hizo hizo mbaya.

Tiba ipo, dawa nyingine humezwa siku hizo tu. Dada, andika hali yako kila siku kwa miezi miwili, umwonyeshe muuguzi. Na wewe baba, mkeo akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya leo.