Mvua ya Dodoma, Maji ya Kilosa: Namna ya Kusoma Utabiri wa Wiki Mwanzoni mwa Masika

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mikutano ya hadhara ya kata zilizo kando ya Mto Mkondoa)



Machi imeingia, na swali linalosikika katika kila baraza ni moja: wiki hii itanyesha au haitanyesha? Ni swali halali. Mkulima anataka kujua kama atie mbegu ardhini, fundi anataka kujua kama afyatue tofali, na mama mwenye mtoto wa shule anataka kujua kama kivuko kitapitika. Hata hivyo, kwa mkazi wa bonde la Mkondoa swali hilo halitoshi. Anapaswa kuongeza la pili: na Dodoma je?

Sababu iko katika mto wenyewe. Mkondoa hauanzii Kilosa. Maji yake mengi hutoka mkoa wa Dodoma, ambako mto huo huitwa Kinyasungwe. Hupita Gulwe wilayani Mpwapwa, ukafika Kidete, kisha ukabanwa katikati ya milima ya Ukaguru na Rubeho kabla ya kutokea katika mji wa Kilosa na kutawanyika kuelekea Mto Wami. Kutoka Gulwe hadi Kilosa, kwa njia ya reli ya zamani iliyofuata bonde hilo, ni kilomita zipatazo 80. Mvua ikipiga Mpwapwa jioni, maji hayana njia nyingine isipokuwa hiyo. Huchukua saa kadhaa kushuka, na kwa kuwa mvua za bara hunyesha mara nyingi alasiri na jioni, maji huweza kufika huku watu wakiwa usingizini, chini ya anga lenye nyota.

Wakazi wengi hawahitaji kuhadithiwa jambo hilo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji, maelfu ya watu wakabaki bila makazi, na Reli ya Kati ikakatika. Januari 2014 ilikuwa zamu ya Dumila, ambako Mto Mkundi ulibomoa daraja na kukata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Katika misiba yote miwili, aliyetazama mawingu ya juu ya paa lake peke yake aliona sehemu tu ya hatari iliyomkabili.

Mwezi Machi una jambo lake la pekee. Tarehe 20 au 21 jua huwa juu ya ikweta likielekea kaskazini, na ukanda wa mvua hulifuata. Sehemu ya kaskazini ya mkoa wa Morogoro huwa na misimu miwili, yaani vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Dodoma ina msimu mmoja mrefu, unaoishia karibu na Aprili. Hivyo masika ya huku huanza wakati mvua za kule hazijakoma, na udongo wa kule umekwisha kushiba maji. Udongo ulioshiba haunywi tena, bali huyaachia maji yateremke. Ndiyo maana mvua ya kiasi katika Machi inaweza kuujaza mto kuliko mvua kubwa ya Novemba.

Sasa utabiri wenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, hutoa utabiri wa saa 24, wa siku kumi, wa mwezi na wa msimu. Kwa mipango ya wiki, unaofaa zaidi ni ule wa siku tano kuhusu hali mbaya ya hewa. Lugha yake ni ya kawaida, lakini kila neno limepimwa. Ikisemwa mvua itanyesha katika "maeneo machache", maana yake sehemu kubwa ya eneo lililotajwa inaweza kubaki kavu. Mtu ambaye shamba lake halikupata tone hana sababu ya kusema amedanganywa, kwani huenda kijiji cha pili kimelowa chapachapa. "Baadhi ya maeneo" ni zaidi ya hapo, na "maeneo mengi" ni zaidi tena.

Kisha kuna rangi. Njano ni angalizo: shughuli ziendelee, lakini mtu awe macho. Rangi ya chungwa ni tahadhari, na huo ndio wakati wa kujiandaa. Nyekundu ni tahadhari kubwa, inayotaka hatua ichukuliwe mara moja. Pamoja na rangi hutajwa mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: uwezekano wa hali hiyo kutokea, na kiwango cha athari endapo itatokea. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si habari ya kupuuzwa na mwenye nyumba kando ya mto.

Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni milimita 50 ndani ya saa 24, ambacho huhesabiwa kuwa mvua kubwa. Kwa kusikia, milimita 50 ni kitu kidogo, urefu wa kidole. Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Paa lenye mita za mraba 40 litapokea lita 2,000, yaani matangi mawili ya lita 1,000. Ekari moja itapokea zaidi ya lita 200,000. Maji hayo yote hutafuta mfereji, na mfereji uliojaa taka huyarudisha sebuleni. Kuzibua mitaro ni kazi ya wiki kavu, na wiki kavu zinazidi kupungua.

Wazee wana dalili zao: kumbikumbi kuruka, miti fulani kuchipua, upepo kugeuka. Dalili hizo zimelisha familia kwa vizazi, wala hakuna anayezibeza hapa. Lakini hakuna kumbikumbi wa Kilosa anayeleta habari za mvua ya Mpwapwa. Kwa hilo redio inamshinda.

Kwa mkulima, mvua ya kwanza ya Machi ina ushawishi mkubwa na mara nyingine hufuatiwa na siku nyingi za jua kali. Mbegu iliyoota kwa mvua hiyo hunyauka, na gharama ya kupanda upya hutoka mfukoni mwake. Kabla ya kupanda, achimbe hadi kina cha jembe aone kama unyevu umefika chini, kisha ausome utabiri wa siku kumi na kuzungumza na afisa ugani. Wenye bustani ukingoni mwa mto wanakumbushwa pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sharti hilo huonekana kali wakati wa kiangazi.

Upande wa vivuko hakuna mjadala mrefu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulisukuma gari dogo, sembuse bodaboda iliyobeba abiria wawili. Mtoto wa shule asivuke peke yake maji yaliyobadilika rangi, hata kama jana yalimfika kwenye kifundo cha mguu. Maji ya kahawia yenye vijiti na majani, wakati hapa hapajanyesha, ni habari kutoka juu: mto unaongezeka. Anayeyaona kwanza awaambie jirani wa bondeni na mwenyekiti wa kitongoji, usiku au mchana.

Radi nayo huja na mvua hizi. Mti si mahali pa kujikinga. Aliye shambani aingie ndani ya nyumba, na asitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Visima vikiingiwa na mafuriko, maji yachemshwe kabla ya kunywewa.

Kila kaya iliyo bondeni inaombwa ikubaliane mapema juu ya mambo matatu: ni nani atakayesikiliza utabiri wa jioni, wa Morogoro na wa Dodoma, vyeti, kadi za kliniki na mbegu vitawekwa wapi palipoinuka, na familia itapanda kilima kipi, kwa njia ipi isiyovuka mto. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na hupigwa bila malipo.