Kausha damu haisubiri viazi vikomae

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana wa chama, Makambako)

Waliotoka Njombe mjini na baridi yenu, karibuni.

Leo siongelei uchaguzi. Naongelea deni, maana najua hapa wapo wanaozima simu kila Jumatatu.

Tuanze na hesabu. Kijana anaomba laki tatu kwa wale jamaa wa kausha damu. Wanakata elfu thelathini ya "fomu", anaondoka na laki mbili na sabini. Kisha analipa elfu thelathini kila wiki, wiki 12. Jumla 360,000. Anaambiwa riba ni asilimia 20 tu. Si kweli! Mkononi alipewa 270,000, kwa hiyo amelipa 90,000 juu yake, tena hela yenyewe alianza kuirudisha wiki ya kwanza. BoT imeweka ukomo kwa wakopeshaji wa daraja la pili: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu, miezi mitatu, hata usipopunguza kitu, ni 31,500.

Lakini kinachotuua huku kwetu ni kalenda kuliko riba. Viazi vinakaa shambani miezi mitatu, minne. Parachichi ndiyo usiseme, ni miaka. Rejesho linadaiwa Jumatatu ijayo. Kwa hiyo unauza viazi vikiwa bado ardhini, kwa bei ya dalali, na gunia ni lumbesa. Mkopo wa kila wiki unamfaa mwenye genge au bodaboda, anayeshika hela kila siku. Mkulima ukiuchukua, umeshauza shamba.

Wa kwenye simu nao wapo. Novemba 2024 BoT ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Wengi mnazijua: ukichelewa siku moja, mama mkwe anatumiwa meseji.

Halafu kuna hili la kumbukumbu. Taarifa za wakopaji wa benki zinafika kwenye kampuni zenye leseni ya BoT, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet. Ukilipa vizuri inaandikwa, ukikimbia inaandikwa. Una haki ya kuomba taarifa yako na kudai irekebishwe ikiwa na makosa. Mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni hapeleki chochote. Unamlipa miaka miwili bila kuchelewa, ukienda benki unaonekana mgeni kabisa.

Sasa, hela isiyo na riba ipo. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii, baada ya CAG kuonyesha vikundi hewa na marejesho yaliyopotea. Ikarudi 2024. Katikati hapo vijana walienda wapi? Kausha damu!

Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Nimesikia kamanda akisema mkopo wa halmashauri ukiupata usirudishe, ni hela ya CCM. Hapana. Mapato ya ndani ni ushuru wa viazi vyako na mbao zako, unaokatwa pale getini. Usiporudisha umemwibia kijana wa kata ya jirani, na umempa mtendaji sababu ya kutunyima wote.

Tunachodai ni majina. Kila kata ibandike kwenye ubao vikundi vilivyopata, shilingi ngapi, na vimerejesha ngapi. Kama kuna kikundi hewa, majirani watakijua kabla ya CAG kufika. Na tudai mkopo wa kilimo uanze kulipwa baada ya mavuno.

Barua kwa mkurugenzi wa Halmashauri ya Mji Makambako tuiandike leo kabla hatujatawanyika, wa Njombe mtaondoka na nakala mbadilishe anwani. Nani ana mwandiko mzuri?