Barafu ya ncha za dunia inatuhusu nini sisi wa ikweta?

Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja, si watu. Haya ni maneno niliyowaambia wenzangu wa sayansi ya siasa kwenye kikao chetu cha midahalo. Nimeyaacha yalivyo.

1/ Wenzangu, hamjambo. Si mnajua vile swali la tabianchi huulizwa mwishoni mwa mdahalo, wakati dakika zimeisha? Basi majibu huwa ni yale yale matatu. Wa kwanza: "Sisi tuko ikweta, barafu ya huko inatuhusu nini?" Wa pili: "Hata wanasayansi hawaelewani, kuna mahali barafu inaongezeka!" Wa tatu: "Barafu yote inayeyuka, ndiyo maana bahari inatumaliza." Ukweli ni kwamba yote matatu yana kasoro, hata hilo la tatu ambalo sisi vijana hulipigia makofi. Hebu tuyapime moja moja, tukianza na la pili.

2/ Kuna mwanasayansi anaitwa Claire Parkinson. Alijiunga na NASA mwaka 1978, kwenye kituo cha Goddard kule Maryland, Marekani. Kazi yake kubwa imekuwa kufuatilia barafu ya bahari kwa kutumia setilaiti, yaani ile inayoelea juu ya maji katika ncha zote mbili za dunia. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1978, setilaiti zilianza kuipima barafu hiyo mfululizo.

3/ Inapimwaje, na kule kuna giza la miezi na mawingu kila siku? Kamera ya kawaida haiwezi. Lakini kila kitu hutoa mawimbi hafifu ya maikrowevu, na barafu haitoi kiwango sawa na maji yaliyo wazi. Setilaiti inayasoma mawimbi hayo usiku na mchana, mawingu yawepo yasiwepo. Baada ya miaka mingi unapata daftari moja refu, mwaka baada ya mwaka.

4/ Daftari hilo linasema nini? Kaskazini, barafu ya mwezi wa Septemba imekuwa ikipungua kwa takriban asilimia 12 kila miaka kumi, ukilinganisha na wastani wa 1981 hadi 2010. Kusini hadithi ilikuwa nyingine. Barafu ya bahari inayozunguka Antaktika iliongezeka polepole kwa miaka mingi. Mwaka 2014 wastani wake ulifika kilomita za mraba milioni 12.8, rekodi kabisa. Wapinzani wa hoja ya tabianchi wakashangilia: mnaona sasa?

5/ Halafu ikaporomoka. Kufikia 2017 wastani ulikuwa milioni 10.7. Tofauti hiyo ni eneo la zaidi ya Kenya tatu na nusu, limepotea kwa miaka mitatu. Parkinson alichapisha matokeo hayo mwaka 2019 na kuonyesha kwamba kasi hiyo ilizidi kwa mbali ile iliyoonekana kaskazini. Mwaka 2023 barafu ya kusini ikashuka chini zaidi.

6/ Hapa ndipo pana somo letu la siasa. Aliyesema mwaka 2014 kwamba barafu ya kusini inaongezeka hakusema uongo. Alichukua ncha moja, akaacha nyingine, halafu akafunga daftari. Mwanasayansi hakuficha ongezeko lile kwa sababu halikupendeza hoja fulani. Aliliandika, na lilipogeuka akaandika pia. Na sisi tusije tukabeba ile miaka mitatu peke yake tukaifanya ndiyo ushahidi wote. Hilo lingekuwa kosa lile lile, ila limevaa shati la upande wetu.

7/ Sasa jibu la tatu, lile la makofi. Jaza glasi maji na barafu hadi pomoni, uiache mezani. Barafu ikiyeyuka maji hayamwagiki, kwa sababu ilikuwa inaelea na nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Barafu ya bahari ni hivyo hivyo, kuyeyuka kwake hakuinui bahari kwa kiasi cha maana. Inayoinua ni ile ya nchi kavu, iliyorundikana juu ya Greenland na Antaktika. Hiyo ni sawa na mtu kuja na jagi lingine akaongeza kwenye glasi yako.

8/ Hiyo nayo hupimwa kivingine. Mwaka 2002 Marekani na Ujerumani zilirusha setilaiti mbili za mradi wa GRACE, zikifuatana kwa umbali wa kilomita kama 220. Zikikaribia mahali penye uzito mkubwa, ya mbele huvutwa kwanza na umbali kati yao hubadilika kidogo sana. Kwa kupima mabadiliko hayo unaweza kujua barafu imepungua uzito kiasi gani. Ni kama kuiweka Greenland kwenye mizani. Jozi nyingine ilichukua zamu mwaka 2018.

9/ Mizani hiyo inaonyesha kwamba Greenland imekuwa ikipoteza takriban tani bilioni 270 kwa mwaka, na Antaktika kama bilioni 150. Kila tani bilioni 360 huinua bahari za dunia kwa karibu milimita 1. Ongeza barafu ya milimani, na maji yenyewe yanavyotanuka yakipata joto. Tangu 1993 bahari imepanda kwa takriban sentimita 10, na kasi yake imeongezeka maradufu.

10/ Turudi kwa yule wa ikweta. Rundo la barafu la Greenland ni zito kiasi kwamba linavuta bahari iliyo jirani. Likipungua, mvuto unapungua na maji yanaondoka. Kwa hiyo karibu na Greenland bahari hushuka, na mbali nayo hupanda kuliko wastani. Kumbe umbali si ngao! Barafu ikipotea kule, Mombasa na Lamu zinapata zaidi ya fungu lao, na Kenya imechangia sehemu ndogo mno ya gesi zilizoleta joto hili. Hapo tuna haki ya kudai, na tudai kwa takwimu.

11/ Lakini tusimpe kiongozi mlango wa kutorokea. Si kila ufuo unaoliwa unaliwa na Greenland. Mikoko inakatwa, mchanga unachotwa, majengo yanasogezwa hadi kwenye maji. Pale Fort Jesus ukuta umejengwa kuukinga msingi dhidi ya mawimbi. Je, vijiji visivyo na ngome ya kihistoria vitakingwa na nani, kwa bajeti ipi? Anayejibu kila kitu kwa neno "tabianchi" anaweza kuwa anakwepa swali la vibali alivyotia sahihi mwenyewe.

12/ Kwa hiyo mdahalo ujao, mtu akitaja barafu, muulizeni maswali matatu. Ni barafu ipi, inayoelea au ya nchi kavu? Ni kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani? Na kwa yale yaliyo mikononi mwako, si mikononi mwa wazungu, utafanya nini na lini? Akijibu yote matatu, msikilizeni hata kama hamtampigia kura. Akishindwa, basi mjue alikariri tu.

Maswali yawekeni hapa chini, na mwenye takwimu tofauti azilete tuzipime.