Somo la Leo: Kompyuta Huuliza Mara Tatu

Mwalimu wa darasa, hakikisha kila mtu ana daftari na kalamu.

Juma lililopita tulijifunza kwamba programu ni maagizo ambayo mtu huiandikia kompyuta. Leo tutaona jinsi programu inavyoazima kazi ya watu wengine, na jambo la kufanya kompyuta inapokataa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku moja niliandika programu ndogo ya hesabu ofisini. Ilifanya kazi vizuri. Nikaipeleka kwenye darasa moja la jioni. Watu walikuwa wametoka shambani, wameketi wakingoja. Nilipoiendesha, kompyuta ya pale ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza, kisha kimya. Nikajaribu mara ya pili, na ya tatu. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, imesemaje?" Hapo nikatambua kwamba sikuwa nimeusoma mstari ule. Mimi, ninayefundisha watu kusoma!

Basi tuanze mwanzo. Maktaba ya programu ni nini? Ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha andikwa, ili kila mtu asianze upya. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1949, katika chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, kompyuta iliyoitwa EDSAC ilianza kazi. Vipande vya programu vilitobolewa kwenye kanda za karatasi na kuwekwa kabatini. Aliyehitaji kipande alikinakili katika kanda yake.

Tutumie mfano wa maktaba iitwayo GMP, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Kazi yake ni hesabu za namba kubwa. Zidisha 1 kwa 2, kwa 3, hata ufike 20. Jibu lina tarakimu 19, nalo huenea katika nafasi kubwa ya kawaida ya namba nzima. Zidisha tena kwa 21: nafasi hufurika, na jibu huwa la uongo. Ukiendelea hadi 100, jibu la kweli lina tarakimu 158. GMP hulitoa bila kukosea.

Sasa, kompyuta ya darasa ni ya wote, na ruhusa ya kuweka vitu mahali pa wote anayo msimamizi. Lakini kila mtu ana folda yake, na maktaba yaweza kuwekwa humo. Tuseme tumeiweka katika /home/darasa/maktaba. Ndani yake mna folda mbili. Ya kwanza ni include, yenye faili liitwalo gmp.h. Hili ni orodha tu ya kazi zilizomo, kama orodha ya vyakula mlangoni pa hoteli. Ya pili ni lib, nayo ndiyo jiko lenyewe. Humo mna libgmp.so na libgmp.a.

Kwa kuwa hapo si mahali pa kawaida, kompyuta haitatafuta humo mpaka iambiwe. Nayo huuliza mara tatu.

Swali la kwanza huja wakati wa kutafsiri maandishi yetu yawe lugha ya mashine: orodha iko wapi? Tunajibu kwa alama -I.

Swali la pili huja wakati wa kuunganisha: kazi zenyewe ziko wapi? Tunajibu kwa -L kutaja folda, na -l kutaja maktaba.

Mwalimu, andika ubaoni:

gcc hesabu.c -I/home/darasa/maktaba/include -L/home/darasa/maktaba/lib -lgmp -o hesabu

Angalieni mambo mawili. Tumeandika -lgmp, wala si -llibgmp, maana neno lib huongezwa na kompyuta yenyewe. Tena, jina la maktaba limekuja baada ya hesabu.c. Mwunganishaji husoma toka kushoto. Lazima kwanza ajue kinachohitajika, ndipo akitafute.

Swali la tatu husahauliwa na wengi. Huja siku ya kuendesha programu: maktaba iko wapi leo? Maktaba ya libgmp.so haingii ndani ya programu. Huitwa kila mara programu inapoanza. Katika Linux tunajibu hivi kabla ya kuiendesha:

export LD_LIBRARY_PATH=/home/darasa/maktaba/lib

Sasa mtaelewa aibu yangu. Mstari ule ulikuwa na jina libgmp.so.10. Nilibeba programu, maktaba nikaiacha ofisini. Ningeusoma, ningejua mara moja. Siku hizi nikisafiri huandika /home/darasa/maktaba/lib/libgmp.a mahali pa -L na -lgmp. Hapo kazi zinazohitajika huingia ndani ya programu, nami huondoka na mzigo kamili. Lakini kompyuta ya huko lazima iwe ya aina ileile.

Andikeni daftarini. Kompyuta ikikataa, tafuteni jina ndani ya mstari wake, hata kama Kiingereza hamkijui:

Ukiona gmp.h, kosa liko katika kutafsiri. Tazama -I.
Ukiona -lgmp, kosa liko katika kuunganisha. Tazama -L.
Ukiona libgmp.so.10, kosa liko katika kuendesha. Tazama LD_LIBRARY_PATH.

Kazi ya darasa: mmoja aondoe -I katika agizo lile, mwingine aondoe -L. Kila mmoja asome mstari utakaotokea, kisha awaeleze wenzake ni swali la ngapi ambalo halikujibiwa.

Msiogope mstari wa kosa, ndugu zangu. Ni barua mliyoandikiwa, nanyi sasa mnajua kusoma. Kwa herini mpaka juma lijalo.