Tupime Mizizi Kabla ya Kugawa Pingili

(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia, Old Korogwe)

 

Tunajiandaa kugawa pingili za muhogo, na hatujakubaliana zitoke katika mashamba yapi. Handeni na Korogwe mnajua wenyewe: mvua ikikatika mahindi hukauka, na kinachobaki ni makopa na bada. Tukigawa pingili zenye ugonjwa, tutakuwa tumeipeleka njaa kwa gari letu wenyewe.

Ugonjwa tunaouhofia ni michirizi ya kahawia, nao si mgeni kwetu. Mtafiti H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, hapa hapa mkoani Tanga. Inzi weupe huueneza, lakini hata sisi huueneza tunapobeba pingili kutoka shamba hadi shamba. Ubaya wake ni kwamba shina laweza kustawi vizuri, kumbe muhogo umeoza ndani, mkavu na wa kahawia. Aina ya Kiroba nayo huweza kuonyesha dalili kwenye majani, huku mizizi yake ikilika. Anayechagua mbegu kwa kutazama majani peke yake anabahatisha.

Wataalamu huukata mzizi vipande na kuupa alama. Alama 1 ni mzizi safi. 2 ni doa lisilozidi asilimia 5 ya eneo lililokatwa. 3 ni asilimia 6 hadi 10. 4 ni 11 hadi 25. Na 5 ni zaidi ya hapo. Sasa jaribuni kutofautisha asilimia 5 na 7 kwa macho, saa nane mchana, mkiwa kwenye mzizi wa hamsini! Na shamba likiwa la mzee wa kanisa, wapimaji huona haya.

Hapo ndipo picha inaposaidia. Kipande hupigwa picha juu ya kitambaa cha buluu, rula ikiwa kando. Programu ya ImageJ, iliyoanzishwa mwaka 1997 katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na inayotolewa bure, huhesabu vidoti vya kahawia na vyeupe katika picha. Kwa rula ile hupatikana pia unene na urefu wa mzizi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walieleza programu iliyofunzwa kwa picha ili itoe alama za uozo yenyewe.

Programu si nabii. Udongo, kutu ya kisu na kivuli cha mkono huweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa. Muhogo uliokaa siku mbili tangu kung'olewa nao hubadilika rangi, kwa hiyo picha zipigwe siku ile ile. Tena mzizi safi hauthibitishi kwamba shina halina virusi; hilo ni kazi ya maabara. Picha zitatusaidia kuyaondoa mashamba mabovu, basi.

Tunapendekeza kila parokia itoe mashamba 3, na kila shamba ling'olewe mashina 10, yakichaguliwa kwa kura na si yale ya kando ya njia. Mashina hayo ni chakula cha watu. Kwa hiyo kwa wafadhili hatuombi kompyuta mpya, ya ofisini inatosha. Tunaomba fedha za kumlipa mwenye shamba kwa bei ya sokoni ya siku hiyo. Asipolipwa atatuonyesha kona ya shamba aliyokwisha kuikatia tamaa, nasi tutapima hiyo.

Majina ya mashamba yafike ofisini kabla ya mvua za vuli.