Upofu Unaokuja Bila Maumivu

Haya ni mazungumzo ya muuguzi wa macho kwa wajumbe wa kamati za afya za parokia na wageni wafadhili. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Nimeombwa niongee juu ya macho ya watu wanaoishi na VVU. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache baada ya dawa za ARV kuanza kutolewa bure hapa Tanzania mwaka 2004, alinijia fundi mwashi mmoja. Alisema jicho lake la kushoto lina masizi, yaani vidoa vyeusi vinavyoelea, na kila akitaka kuvitazama vinakimbia. Nikammulika kwa tochi. Jicho lilikuwa jeupe, halina wekundu wala tongotongo, na mwenyewe akasema haliumi. Nikampa dawa ya matone, nikamwambia ni vumbi la saruji.

Baada ya wiki tatu alirudi. Safari hii alisema ni kama pazia limeshushwa upande mmoja. Ndipo daktari alipompanua mboni na kutazama ndani, akakuta sehemu kubwa ya nyuma ya jicho imekwisha kuharibika. Alipopimwa damu alikutwa na VVU, na CD4 zake zilikuwa 18 tu. Alianzishiwa ARV na jicho la kulia likasalimika. La kushoto halikuona tena.

Siku ile ya kwanza sikumuuliza swali hata moja juu ya afya yake kwa ujumla. Niliangalia jicho, sikumwangalia mtu. Nimekuja kwenu ili kosa hilo lisirudiwe katika parokia zetu.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa ule husababishwa na virusi viitwavyo saitomegalo, kwa kifupi CMV. Ni vya ukoo mmoja na virusi vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Msishtuke nikisema kwamba wengi wetu tuliomo ukumbini humu tunavyo. Tulivipata tangu utotoni, kwa mate, kwa mkojo au kwa maziwa ya mama. Hukaa mwilini maisha yote, na kinga yetu huvizuia visifanye madhara. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumwogopa wala kumtenga mgonjwa wa macho wa aina hii.

Shida huanza kinga inapoporomoka. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na CD4 zaidi ya 500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 50, virusi hivi hupata nafasi. Vinaweza kushambulia utumbo, mapafu au ubongo, lakini kwa mgonjwa wa UKIMWI mahali vinapoonekana zaidi ni kwenye retina. Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho, unaopokea picha kama filamu ya kamera za zamani. Utando huo huvimba, huvuja damu, kisha hufa. Kidonda hutanuka wiki hadi wiki, na sehemu iliyokufa haioti tena. Wakati mwingine utando uliodhoofika huchanika na kubanduka, na mtu hupoteza uwezo wa kuona kwa ghafla.

Wengine wanaoweza kupatwa ni watu wanaotumia dawa za kushusha kinga, kwa mfano waliopandikizwa figo, ingawa kwao ni mara chache zaidi.

Ugonjwa huu hauumi, wala hauleti wekundu. Ukianzia pembeni mwa retina, mgonjwa anaweza asijue lolote. Tena macho ni mawili, na jicho zima humfichia mtu ubovu wa lile jingine. Ndiyo maana wengi hufika wakiwa wamechelewa, baada ya kuzunguka kutafuta miwani, au kutiwa dawa za majani machoni, au kuambiwa wamerogwa.

JE, NI TATIZO LETU?

Kabla ya mwaka 1996, zilipoanza kutumika ARV za mchanganyiko zenye nguvu, kiasi cha wagonjwa 30 kati ya kila 100 wa UKIMWI huko Marekani walipatwa na ugonjwa huu. Baada ya hapo idadi ilishuka sana. Hiyo inatufundisha kwamba kinga kubwa ya macho haya ni kupima mapema na kumeza ARV bila kukatiza.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa katika Asia ugonjwa huu ulikutwa kwa watu wapatao 14 kati ya 100 wenye VVU waliochunguzwa, na katika Afrika kwa wapatao 2. Mtu anaweza kusema basi si tatizo letu. Lakini tukumbuke kwamba kwa miaka mingi wagonjwa wetu wengi walifariki kwa kifua kikuu na maradhi mengine kabla macho hayajafikiwa, na wachache sana walitazamwa ndani ya jicho. Isitoshe, hao wawili ni watu wenye nyumba zao. Baba akipofuka, mara nyingi yupo mtoto atakayeacha shule ili amshike mkono.

Wapo bado wanaogundulika wakiwa wamedhoofika kabisa, na wapo walioacha dawa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za VVU katika nchi nyingi zikayumba. Kila anayekatiza ARV kwa muda mrefu anarudi kwenye hatari hii.

TIBA IPO

Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani, gansiklova, ilipata kibali mwaka 1989. Ilikuwa ya kuchomwa kwenye mshipa kila siku. Madaktari wa macho huweza pia kuichoma ndani ya jicho lenyewe, na njia hiyo imesaidia sana penye uwezo mdogo. Mwaka 2001 kilikuja kidonge, valgansiklova. Mgonjwa humeza mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi tatu, kisha mara moja kwa siku mpaka kinga yake ipande, huku damu yake ikipimwa kwa sababu dawa hii huweza kupunguza chembe za damu.

Bei yake ilikuwa haigusiki. Agosti 2013 yalifikiwa makubaliano kati ya kampuni ya Roche na taasisi ya Medicines Patent Pool, ya kuishusha kwa hadi asilimia 90 katika nchi 138. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu. Hata hivyo, dawa kuwa kwenye orodha haina maana kwamba ipo katika stoo ya hospitali ya wilaya.

Tiba hizi huzuia ugonjwa usiendelee. Haziwezi kurudisha kilichokwisha kufa.

TUNAYOWAOMBA

Kwanza, watoa huduma majumbani waulize kila wanapomtembelea mgonjwa aliyedhoofika sana, aliyeacha dawa, au aliye katika miezi ya mwanzo ya ARV: Unaona vidoa vinavyoelea? Mwanga unaomulika kama radi? Ukungu, au giza upande mmoja? Kisha amfunike jicho moja kwa kiganja, atazame kalenda iliyoko ukutani, halafu abadilishe. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Lakini jibu la "naona vizuri" lisiondoe haja ya uchunguzi. Mwenye CD4 chini ya 100 apelekwe kutazamwa ndani ya jicho, mboni zikiwa zimepanuliwa.

Pili, akisema ndiyo, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Apelekwe wiki hiyohiyo kwa daktari wa macho, na kadi yake ya kliniki aende nayo. Kamati iwe na nauli iliyotengwa, ya mgonjwa na ya msindikizaji.

Tatu, mgonjwa aliyeanza ARV anaweza kuona jicho linasumbua zaidi kwa sababu kinga inarudi na kupambana. Asiache dawa. Arudi kliniki haraka.

Kwa wafadhili wetu: mmetujengea majengo, tunashukuru. Safari hii tunaomba vitu visivyo na jiwe la msingi: kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, matone ya kupanua mboni, mafunzo kwa wahudumu wa kliniki za VVU, na fedha ya dawa kwa mgonjwa anayeihitaji leo. Uzoefu wa nchi nyingine umeonyesha kuwa daktari wa kliniki ya UKIMWI, hata asiyekuwa bingwa wa macho, anaweza kufundishwa kuutambua ugonjwa huu.

Yule fundi alirudi kazini, akijenga kwa jicho moja. Hakunilaumu hata siku moja. Mimi ndiye ninayeendelea kuuliza.